Maneno ya Bahari katika Forodha ya Tunduma

Forodha ni neno la ufukweni. Kabla halijawa jina la idara lilikuwa jina la mahali: pale chombo kinapoteremsha shehena, watu wa serikali wakaihesabu na kutoza ushuru wake. Unguja wamelihifadhi vizuri. Forodhani ni pale mbele ya bahari, karibu na Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, na hakuna Mzanzibari anayehitaji kuelezwa kwa nini panaitwa hivyo. Sisi wa Tunduma, mpakani na Zambia, tunalo neno hilohilo na tunalitamka kutwa, ilhali bahari iko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Tuko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa hiyo bahari, kwenye baridi ya Juni inayowafanya madereva wa Dar es Salaam watafute makoti ya mitumba. Maji makubwa ya mkoa wetu ni Ziwa Rukwa kule bondeni, upande wa Momba na Wilaya ya Songwe, na chombo chake ni mtumbwi. Hata hivyo lori likifika mpakani swali la kwanza ni kama limeshapita forodha.

Sikiliza mji huu unavyozungumza kwa siku moja. Dereva ameshika usukani. Zamani usukani ulikuwa ule ubao wa nyuma ya chombo unaokata maji na kukielekeza. Mzigo wake, iwe shaba inayotoka Kongo au salfa inayokwenda huko, ni shehena. Stendi wapiga debe wanaita abiria, na abiria ni wenye kuabiri, yaani kusafiri majini kwa chombo. Ligi ikianza, mtangazaji wa redio anasema imeng'oa nanga, na kila timu ina nahodha wake. Biashara ikiharibika imekwenda mrama, neno la chombo kinachoyumba na kulala huku na huku juu ya mawimbi. Vijana wa kijiweni wanaitana baharia. Serikali nayo ikitaka kusema tunakokwenda hutunga Dira ya Taifa ya Maendeleo; tulikuwa na ile ya 2025 na sasa ipo ya 2050. Kijana wa Kinyiha aliyezaliwa Vwawa, anayesemeshwa Kinyiha na mama yake na ambaye hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo, anatumia maneno ya manahodha tangu anapoamka hadi anapolala.

Kati ya hayo yote nalipenda zaidi neno shwari, kwa sababu limebadilika moyo njiani. Kwa mtu wa nchi kavu shwari ni habari njema: hali ni shwari, mambo shwari, hakuna ugomvi wala deni. Kwa baharia wa tanga shwari ni bahari iliyolala bila upepo, na bahari ya namna hiyo inatisha kwa namna yake. Tanga linaning'inia, chombo hakisogei, maji ya kunywa yanapungua, na hakuna cha kufanya ila kungoja. Dhoruba angalau humpa mtu kazi. Waliosafiri zamani kati ya Arabuni na mwambao wetu walijua kuzipangia safari zao majira ili wasikutwe na kipindi cha malelezi, pale upepo wa kaskazi umekwisha na wa kusi haujashika. Neno lilipopanda bara likaacha hofu yake pwani na kubaki na utulivu peke yake. Dereva aliyelala siku kadhaa kwenye foleni ya Tunduma, injini imezimwa, mbele yake malori hayasogei, angeielewa shwari ya zamani bila kufundishwa.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya jambo ninaloliona mara kwa mara. Vijana wetu wanatazama kwenye simu video za watu wanaovuka bahari kwa mashua ndogo za matanga: mume na mke, pengine na mtoto, wiki mbili tatu bila kuona nchi kavu. Ni maisha ya kuvutia, na wanaoyatazama wanataka kusimuliana. Lakini anayeanza kusimulia kwa Kiswahili hukwama kwenye sentensi ya pili. Anatafuta jina la ile kamba ya kupandishia tanga, la upande ule unaopigwa na upepo, la lile daftari wanaloandika usiku, na hapati. Basi anachukua neno la Kiingereza, analitia irabu mwishoni na kuendelea. Wafasiri wa vitabu nao hufanya hivyo. Wanaamini kwamba mambo hayo ni ya Wazungu, kwa hiyo Kiswahili hakina budi kuazima. Mimi nasema maneno yapo, yalitungwa na watu wetu na majirani zetu wa Bahari ya Hindi waliosafiri kwa matanga kwa karne nyingi, na ni uzembe kuyaacha kabatini wakati kazi yake imerudi.

Tujaribu. Mashua ya matanga imetoka Shelisheli inakwenda Mauritius, zaidi ya kilomita 1,700 kuelekea kusini, wakati wa kusi:

Saa kumi na mbili asubuhi zamu imebadilika. Mke ameshika kana. Mume anaandika kwenye batli kwamba kusi imevuma usiku kucha na chombo kinakwenda joshi tangu juzi. Usiku tanga lilipunguzwa. Sasa upepo umelegea kidogo na limetwekwa lote. Ngamani kuna maji, yanatolewa. Fantasi imebaki nusu, kwa hiyo leo wataoga kwa maji ya chumvi. Omo inapanda wimbi na kushuka, na rafiki yao waliyempakia Shelisheli bado amelewa na mawimbi. Amekaa karibu na tezi, upande wa demani, anatazama upeo wa bahari bila kusema neno.

Hakuna hapo neno hata moja lililobuniwa jana. Nataka nipite kwenye machache, maana kila moja lina kisa.

Zamu tunaijua sote. Ni zamu ya mlinzi, ya muuguzi katika hospitali ya Vwawa, ya lori kuingia kukaguliwa. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walioandika elimu yao kwa Kiarabu walipima safari kwa zam, mwendo wa saa tatu, na usiku na mchana mmoja ulikuwa na zam nane. Wanaovuka bahari leo kwa mashua ndogo bado wanagawana usiku kwa vipande vya saa tatu au nne, mmoja macho, mwingine amelala, kwa sababu chombo hakina mahali pa kusimama. Ndiyo tofauti kubwa kati ya bahari na barabara: dereva akichoka Makambako anaegesha na kulala. Katikati ya bahari nanga haifiki chini, na mtu mmoja lazima awe macho alfajiri, adhuhuri na usiku wa manane.

Batli ni daftari la chombo, ambamo huandikwa upepo, mwelekeo, masafa na tukio lolote la safari. Neno hili limekaribia kusahaulika kabisa, na nalisikitikia kwa sababu ni fupi, ni zuri, na kazi yake haijafa. Kila lori linaloondoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi lina karatasi za namna hiyo. Madereva huzitaja kwa Kiingereza.

Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni kule chini kabisa ndani, ambako maji yanayovuja hukusanyika. Wanafunzi wa sekondari nchi nzima wanazisoma sehemu hizi bila kujua wamezisoma, kwa sababu ya methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wanaikariri kwa ajili ya mtihani pamoja na maana yake, kwamba mtu hata azunguke vipi atarudi kwake. Sidhani wengi wanaambiwa kwamba anayezunguka ni baharia anayetembea kutoka ncha hadi ncha ya chombo na mwisho wake hushuka ngamani, ambako kuna kazi ya kuteka maji. Mwalimu akichora chombo ubaoni, mistari mitano tu, methali hiyo inafunguka yenyewe.

Joshi na demani ndiyo jozi ninayoiona kuwa ya lazima kwa yeyote anayetaka kuandika habari za matanga. Joshi ni upande upepo unakotoka, na chombo kinachokwenda joshi kinajibana dhidi ya upepo kadiri kinavyoweza. Demani ni upande wa pili, uliokingwa. Demani ni pia jina la kamba ya nyuma ya tanga, ile inayokazwa na kulegezwa kutwa kucha. Na ni jina la msimu, ule wa pepo za kusini zilizopoa, kama Septemba hadi Novemba. Mtu wa bara aliyezoea masika na vuli anaweza kuona ajabu kamba na majira kushirikiana jina, lakini kwa mtu wa chombo kamba na majira ni mambo ya mkono mmoja: msimu unajulikana kwa namna unavyoishika kamba.

Halafu kuna kubisha. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Kinakwenda upande, kinageuka, kinakwenda upande mwingine, kinageuka tena, na kwa njia hiyo ya kukatakata kinasogea mbele. Huko ndiko kubisha. Kiswahili kinatumia kitenzi hichohicho kwa mtu anayekwenda dhidi ya hoja ya mwenzake. Nimesikia watu wakidharau ubishi wa Watanzania vijiweni. Baharia angewaambia kwamba anayebisha anatafuta kufika.

Farumi ni uzito unaowekwa chini ili chombo kisipinduke. Jahazi lililoteremsha shehena lilitiwa mawe au mchanga. Mashua ya kisasa ya kuvukia bahari farumi yake ni chuma au risasi iliyofungwa moja kwa moja chini ya mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, na ndiyo siri ya mashua ndogo kulazwa na wimbi kubwa kisha ikainuka yenyewe. Bildi ni uzito unaofungwa kambani kupima kina. Siku hizi kina hupimwa kwa mlio unaotumwa chini na kurudi, na sioni ubaya wa kukiita chombo hicho bildi ya umeme. Fantasi ni tangi la maji ya kunywa. Kana ni mkono wa usukani. Henza ni kamba ya kutwekea foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga. Amari ni kamba ya nanga. Nakwenda haraka hapa kwa kuwa maneno haya hayana ubishi. Kazi yake ni kutumika.

Wako watakaosema kwamba Waswahili walikuwa watu wa kuambaa pwani, na kwamba kuvuka bahari yenyewe ni habari ya wengine. Historia inawakatalia. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi Aprili 1498 hakuijua njia ya India; alipewa rubani pale Malindi, na kabla ya mwezi kupita walikuwa Calicut. Neno rubani lilikuwa la huyo, mjua njia ya maji, kabla halijapewa aendeshaye ndege na kutua Uwanja wa Ndege wa Songwe. Mwaka 1840 merikebu Sultana ya Seyyid Said bin Sultan ilitoka Zanzibar, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuvuka Atlantiki hadi New York, ikatia nanga huko tarehe 30 Aprili. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman, na ndani mlikuwa na karafuu, pembe na ngozi. Hiyo ni safari ya matanga matupu, bila injini, iliyotoka kwenye forodha yetu.

Na tunajua maisha ya chomboni yalivyokuwa, kwa sababu mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda Aden kwenye chombo cha Kuwait kilichoitwa Bayan, nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, akashuka nacho kwa kaskazi hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji, kisha akarudi nacho Ghuba kwa kusi mwaka 1939. Sitaha ilijaa abiria na mizigo yao. Chakula kilipikwa hapohapo juu ya sitaha. Nahodha alikaa nyuma, kwenye tezi, anatawala kwa sauti. Rufiji walipakia boriti za mikoko, ambazo zilikwenda kuezekea nyumba za Ghuba. Mholanzi A. H. J. Prins naye alichapisha mwaka 1965 kitabu kizima juu ya usafiri wa vyombo vya Lamu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson na ile ya Kiswahili na Kifaransa ya padri Charles Sacleux, zote za mwaka 1939, zimejaa msamiati huu. Kwa hiyo anayedai hakuna pa kuyatafuta maneno haya hajatafuta.

Mapengo yapo, na heshima ya istilahi ni kuyataja. Mashua za kisasa upepo ukizidi hupunguza tanga kwa kukunja sehemu yake ya chini na kuifunga, au kwa kulizungusha kwenye mti wake. Majahazi hayakuwa na utaratibu huo. Upepo ulipozidi, foromali ilishushwa, tanga kubwa likavuliwa na dogo likafungwa mahali pake, kazi ya watu wengi na ya hatari. Ndiyo maana hapo juu nimeandika kupunguza tanga: ni maneno ya kawaida, kila mtu anayaelewa, na hayadanganyi. Pengo jingine ni ule mti wa chini unaolala sambamba na sitaha na kunyoosha tanga, ambao usiku humgonga mtu kichwa asipoangalia. Jahazi halina mti huo. Kuuita foromali ni kosa, kwa kuwa foromali hupanda juu na tanga. Napendekeza boriti ya tanga. Boriti ni mti unaobeba uzito, kila mjenzi wa nyumba analijua neno, na lina historia yake baharini kama shehena ya Rufiji. Ule mtambo unaoongoza chombo wakati watu wamelala unaweza kuwa usukani wa kujiongoza. Paneli za sola zibaki paneli za sola, watu wameshaamua.

Chombo chenyewe je? Yoti ni neno rahisi na wengine wanalitumia. Mimi nachagua mashua ya matanga, kwa sababu msomaji akilisoma anakiona chombo.

Hapa turudi nchi kavu, maana maneno haya hayakufika kwetu kwa upepo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walipeleka ufundi wa vyombo vya tanga hadi maziwa ya ndani. Ziwa Tanganyika lilikuwa na vyombo hivyo Ujiji. Kwenye Ziwa Nyasa, unakoingia Mto Songwe wa Ileje, jumbe aliyetawala Nkhotakota alikuwa na vyombo vyake vya kuvukia. Halafu ikaja barabara. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, Zambia changa ilijikuta imezibiwa njia yake ya kusini, na ikageukia Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na barabara kuu ikaimarishwa kwa lami. Vyote hivyo vinapita kwetu au karibu nasi. Nchi isiyo na pwani ilihitaji bahari, na Tunduma ikawa mlango wake. Ndipo neno forodha lilipopata kazi kubwa huku juu kuliko katika miji mingi ya pwani iliyolizaa.

Maisha ya dereva wa masafa ndiyo ninayoyaona kuwa karibu zaidi na yale ya chomboni. Anaondoka Dar es Salaam na utingo wake, anapita Chalinze, Morogoro, Mikumi, anapanda Kitonga kwa gia nzito, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, Mlowo, Vwawa. Nyuma ya siti kuna kitanda chake. Pembeni ya matairi kuna jiko, sufuria, dumu la maji na mfuko wa unga. Shehena imefunikwa turubai na kukazwa kamba, na kila kituo utingo anazunguka kuzigusa kamba moja moja. Wawili hao wanaishi wiki kadhaa ndani ya nafasi ndogo kuliko chumba cha kupanga, wanajuana hasira na ukimya, wanagawana kulala pale mzigo unapohitaji mlinzi. Foleni ya hapa imewahi kurudi nyuma hadi Mpemba, na wakati huo barabara inakuwa makazi: watu wanapika, wanafua, wananyoana. Mwezi Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma mpakani, Tunduma kwa upande wetu na Nakonde kwa upande wa Zambia, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kilipunguza kero, ingawa foleni bado hujirudia.

Madereva hawa wamejitungia msamiati wao, na unastahili kukusanywa kwa bidii ileile. Hata hivyo nina pendekezo kwao kutoka baharini: kupwelewa. Chombo hupwelewa maji yanapopwa na kukiacha kimekaa mchangani, hakina ubovu wowote, hakiwezi kuondoka hadi maji yajae. Lori lililokamilika karatasi zake, zima, lina mafuta, lakini limekwama kwa sababu mtandao wa kompyuta uko chini au lango limefungwa, halijaharibika. Limepwelewa. Sijaona neno jingine la Kiswahili linalosema hivyo kwa usahihi.

Bandari kavu ni mfano wa jambo hili lilipofanywa vizuri. Wapo wanaoliona neno hilo kuwa na kasoro, kwamba bandari haiwezi kuwa kavu. Mimi naliona ni kati ya istilahi bora za miaka yetu. Ukisikia bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, unaelewa mara moja: kazi zote za bandari, makontena, ushuru, kupakia na kupakua, bila maji. Maneno mawili ya zamani yamepangwa upya na kazi mpya imepata jina. Kiswahili hufanya hivyo kwa urahisi kinapoachiwa.

Maneno ya bahari yaliyopata kazi barabarani, ofisini na uwanjani yamepona. Nahodha hatakufa maadamu kuna mpira. Usukani hautakufa maadamu kuna magari. Yaliyo hatarini ni yale yaliyobaki kwenye tanga peke yake: joshi, henza, farumi, batli, bildi, ngama. Injini ya kufungwa nyuma ya boti imeyanyang'anya ajira, kwa sababu boti ya injini haibishi wala haiendi joshi, inakata maji moja kwa moja. Mafundi wa Nungwi, Matondoni na Kilwa bado wanayo maneno hayo mdomoni, na kila mwaka wako wachache zaidi. Mwaka 2019 jahazi Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Viktoria. Safari kama hizo, na mashua za matanga zinazotia nanga Kilifi na Tanga, zinayapa maneno haya kazi tena, mradi wanaoziandika kwa Kiswahili wayatumie.

Naiomba BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, iliyoundwa mwaka 1967 kwa kazi za namna hii, ishirikiane na BAKIZA ya Zanzibar kutoa orodha moja ya istilahi za vyombo vya matanga, yenye michoro, ya kale na ya sasa pamoja, na iwafikie walimu wa huku bara pia. Nawaomba walimu wa Kiswahili wa Mkoa wa Songwe wachore chombo ubaoni kabla ya kufundisha methali ya tezi na omo. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye jahazi, au dereva aliyekata miaka njia ya Lubumbashi, kaa naye wiki hii na daftari. Muulize jina la kila kamba, na kila kamba inafanya kazi gani, uandike kama anavyotamka yeye.